Taa Zilizosikia Mengi

Korosho zetu zilipouzwa, fedha ilikuwa imeshagawanywa mara tatu kabla haijafika benki. Mke wangu alikuwa ameigawa kwa mabati ya jiko. Mama mkwe alikuwa ameigawa kwa salfa ya msimu ujao, kwa sababu kwake mkorosho ni mtoto anayenyonya. Mimi niliigawa kimoyomoyo, sikumwambia mtu. Hapa Ruangwa tunauza kupitia RUNALI, chama kikuu kilichokata jina lake kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na malipo hupita benki. Kwa hiyo kati ya mnada na fedha mkulima hupata siku kadhaa za kuota ndoto. Ndoto yangu niliiota na kijana wetu wa pili, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo.

Yeye ndiye aliyenionyesha video. Ni nyumba moja huko Marekani, mji wa Mason, jimbo la Ohio. Mwenyewe anaitwa Carson Williams, mhandisi wa umeme. Msimu wa Krismasi wa 2004 alifunika nyumba yake kwa taa 16,000, akazigawa katika njia 88 zinazowashwa na kompyuta, zikacheza na muziki wa kundi la Trans-Siberian Orchestra. Gitaa likilia, paa linawaka. Ngoma ikilia, miti ya bustani inajibu. Muziki wenyewe aliurusha kwa redio ndogo ya FM ili majirani walale: anayetaka kusikia akae garini mwake, afungue redio. Video ilisambaa dunia nzima mwaka uliofuata. Nilitazama mara nne. Kijana aliniambia pia kwamba Desemba 2005 magari ya watazamaji yalijaa mtaani, ajali ikatokea jirani, polisi wakapata shida kupita, na Williams akazizima taa zake. Sehemu hiyo ya hadithi haikunikaa kichwani.

"Baba, sisi tutaanza kidogo tu," kijana akasema.

Kidogo ilikuwa taa 300.

Niseme mapema kwamba nafundisha fizikia sekondari. Miaka kumi na minne nimechora kanuni ya Ohm ubaoni, nikachapa mstari chini yake na kuwaambia watoto wa watu kwamba hii haisahauliki. Basi mjue mnayemsoma ni nani.

Mzigo ulitoka Kariakoo ukaja kwa basi, umefungwa kwenye kiroba kama dagaa. Kwetu bei ya kitu chochote hutajwa kwa kilo za korosho, na mke wangu alipouliza nilimjibu, "Kilo thelathini." Zilikuwa sabini. Sikwenda kwa watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho zako zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Ila usiku mmoja niliwaza njia ya kwao, na kuwaza nako kuna aibu yake.

Taa hizi si zile za kumetameta zinazouzwa madukani kila Desemba, ambazo ukibonyeza kitufe zinabadilisha mtindo zote kwa pamoja. Kila taa hapa ina chipu yake, na inapokea amri yake peke yake. Kijana alinieleza kwa maneno ya chuo nikamwambia asubiri, nikamweleza bibi yake kwa maneno ya sinia. Amri zinaingia kwa taa ya kwanza kama sinia la wali. Taa ya kwanza inachukua tonge lake, biti 24, yaani nane za nyekundu, nane za kijani na nane za bluu, kisha inasukuma sinia kwa taa ya pili. Ya pili inachukua tonge lake, inasukuma. Hivyo hivyo hadi taa ya mia tatu.

"Na mmoja akifa katikati?" Mama mkwe akauliza.

"Wa mbele yake wote wanalala njaa, Mama."

"Basi hiyo si karamu, mkwe wangu. Hiyo ni foleni."

Jumamosi ya kwanza tulipanda juu. Nilikopa ngazi, nikafunga taa zote 300 kwenye ukingo wa paa kwa waya mwembamba, kazi ya kutwa nzima juani, chini yangu kuku na ushauri. Jioni tukawasha. Hakuna kilichowaka. Kijana akapanda na tochi, akakaa kimya muda mrefu kuliko ninavyopenda kijana akae kimya juu ya ngazi, kisha akasema, "Baba, kuna mishale." Kumbe kila taa ina mshale mdogo unaoonyesha amri zinaingilia wapi na kutokea wapi. Tulikuwa tumeanzia mkiani. Nilikuwa nimewapelekea wageni sinia kupitia dirisha la choo.

Mke wangu alikuwa anaokota pini zake za nguo, ambazo nilikuwa nimezitumia bila kuomba. "Hivi nani aliuanzisha huu upuuzi?" akauliza.

Nikamjibu, kwa kuwa mwalimu akiulizwa hujibu hata pasipotakiwa jibu. Alikuwa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, New York, Desemba 1882. Alifunga taa 80, nyekundu, nyeupe na bluu, kwenye mti wa Krismasi nyumbani kwake, na mti wenyewe ulizunguka kwa mota, taa zikawa zinawaka na kuzimika kadiri unavyozunguka.

"Na mkewe alisemaje?"

Hilo sikulijibu.

Jumapili baada ya ibada tukazifungua zote na kuzigeuza. Zikawaka! Kijana aliziwasha nyeupe, mwanga mdogo, tuone kama zote zipo. Zilikuwepo. Ila mwanzo wa paa, juu ya mlango, zilikuwa nyeupe kweli. Katikati zikawa za njano kama maji ya mchele. Na mwisho, upande wa banda la kuku, zilikuwa nyekundu.

"Zile za mwisho zimekunywa uraka," Mama mkwe akasema, na kwa mtu aliyekamua mabibo miaka sitini huo ni utambuzi wa kitaalamu.

Hapo ndipo kanuni ya Ohm iliponijia kama mdai. Umeme wa volti 5 ukitembea kwenye waya mwembamba mita nyingi, sehemu ya volti inaliwa njiani. Rangi ya bluu na ya kijani zinahitaji volti nyingi zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo volti zikipungua bluu inaishiwa nguvu, kijani inafuata, nyekundu inabaki peke yake. Dawa yake ni kupeleka umeme kwenye ncha zote mbili, na katikati pia ikibidi, kwa waya mnene. Nilijua kanuni hiyo kabla kijana hajazaliwa. Waya mnene ndio sikuwa nao.

Uani kulikuwa na mmoja. Ulifungwa kutoka mwembe hadi nguzo ya jiko, na umebeba shuka za familia hii tangu tuhamie.

Sitasimulia yote yaliyosemwa kuhusu ule waya wa kuanikia nguo. Itoshe kwamba kuanzia siku hiyo mashuka yetu yalianikwa juu ya michongoma, na kwamba wakati wa maongezi hayo niliitwa "Mwalimu". Mke wangu huniita Baba kukiwa na amani.

Tarehe 22 Desemba akafika mjomba wa watoto kutoka Nachingwea. Huku kwetu mjomba si mgeni wa kukaribishwa soda akaondoka. Watoto wa dada yake ni wake kwanza, wangu baadaye. Akikohoa, mjadala umekwisha. Nilimwamkia, nikambebea begi. Akasimama katikati ya ua akatazama paa, waya, ndoo iliyofunika pawa saplai inayozilisha taa umeme, michongoma iliyovaa mashuka.

"Shemeji," akasema, "sisi Nachingwea miradi tunaijua."

Nikajua tunakwenda kwenye karanga. Mjomba hafiki mahali popote bila kupitia karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari za Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ili ibebe karanga. Ilipofika 1951 mpango ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 zimefutwa vitabuni. Reli yenyewe baadaye ikang'olewa. Baba yake mjomba aling'oa visiki kwa mshahara katika mpango ule, na neno alilowaachia wanawe ni kwamba wale watu walileta kila kitu isipokuwa swali.

"Wewe uliuliza nini kabla ya kupanda juu?" mjomba akaniuliza.

Ningeuliza, ningeambiwa haya: nunua taa 50 kwanza, uzitandaze zote sakafuni uziwashe kabla hujagusa ngazi. Piga hesabu ya umeme kabla ya hesabu ya uzuri. Taa moja ya aina yetu ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula kama ampea 0.06; zidisha kwa 300, unapata ampea 18. Pawa saplai yangu ilikuwa ya ampea 10, kwa sababu ya ampea 30 ilikuwa kilo ishirini za ziada na nilikuwa nimeshadanganya zinazotosha. Tena waya wa amri usiutoe mbali. Taa ya kwanza ikae karibu na kontrola, kifaa kinachotoa amri, la sivyo amri zinafika zimechakaa na taa zinatetemeka kama zina homa. Hayo mjomba hakuyajua, lakini swali lake lilikuwa sahihi.

Bado muziki. Kijana alikuwa na wimbo wa kwaya ya kigango chetu, dakika tatu kamili, na programu ya bure iitwayo xLights ambayo ndani yake unaipangia kila taa ifanye nini kila sehemu ya sekunde. Alipanga fremu 40 kwa sekunde. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha: dakika tatu ni fremu 7,200, taa 300 zenye rangi tatu ni njia 900, jumla ni namba 6,480,000 kwa wimbo mmoja. Programu inasaidia, huandiki moja moja, lakini macho na masikio ni yako, na dakika moja ya wimbo inaweza kula jioni nzima. Hadi tarehe 22 usiku alikuwa amemaliza sekunde arobaini. Soprano walikuwa bado hawajaingia.

Ndipo akaja na njia ya mkato. Kontrola yetu ni kadi ndogo kama kiberiti, inaendeshwa na programu nyingine ya bure, WLED, na ukiiongezea maiki inasikiliza yenyewe. Inachambua sauti katika mafungu 16 kuanzia besi hadi sauti nyembamba, na kuzigeuza mwanga papo hapo. Hakuna kupanga. Spika inaimba, taa zinafuata. Maiki aliifunga kwenye nondo za dirisha la chumba chetu cha kulala, ndilo lililo karibu na kontrola. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Jambo la kwanza taa zililolisikia lilikuwa adhana ya isha. Spika ya msikiti iko nyumba ya nne kutoka kwetu. Paa zima likapanda taratibu kwa rangi ya bluu, likatulia, likapanda tena, zuri kuliko chochote tulichokipanga. Jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye hula pilau kwetu Krismasi nasi hula kwake Idi, alikuwa anapita kwenda kuswali. Akasimama akatazama. "Hizi taa zinajua wakati kuliko wenyewe," akasema, akaenda zake.

Usiku wa tarehe 23 tulikwenda kulala mapema, tukawaacha Mama mkwe, mjomba na watoto uani wakibangua korosho chache za kutafuna. Spika ilikuwa imezimwa. Taa hazikuzimwa.

Lazima mjue kitu kimoja kuhusu maiki ile. Ina tabia ya kujirekebisha: kukiwa na kelele inaziba sikio kidogo, kukiwa kimya inatega zaidi na zaidi, mpaka inasikia hata panya. Usiku ule kulikuwa kimya.

"Mwalimu," mke wangu alinong'ona. "Kilo thelathini zimenunuaje vitu vyote hivi?"

Nikanong'ona kwamba bei zilikuwa nzuri.

"Na pawa saplai? Ilikuwa ndani ya thelathini?"

Nikanong'ona kwa kirefu. Nilieleza usafiri wa basi, nikaeleza kupanda kwa bei Kariakoo.

Huko nje, nilivyosimuliwa baadaye na zaidi ya mtu mmoja, paa lilikuwa linazungumza. Sauti yangu nzito iliwasha bluu karibu na mlango. Sauti yake nyembamba iliwasha nyekundu kuelekea banda la kuku. Maneno hawakuyasikia hata moja, lakini hawakuyahitaji. Watoto waliacha kubangua. "Baba anajitetea," mdogo akasema, bluu ilipokwenda muda mrefu bila kukatwa. Kisha nyekundu fupi. Bluu fupi. Nyekundu fupi zaidi.

"Bluu imeongopa," Mama mkwe akasema.

"Sabini," nilinong'ona hatimaye. "Na usafiri."

Paa zima likawa jekundu.

Mjomba akakohoa. Taa zote zikawaka kwa pamoja, na kupitia dirishani tukaona chumba chetu kimekuwa mchana, tukajua.

Asubuhi hakuna aliyesema lolote. Mama mkwe aliniwekea chai na mhogo akaniita "mkwe wangu" kwa upole ambao sijausahau. Mabati ya jiko yalinunuliwa siku hiyo hiyo, mbele yangu, kwa simu yangu.

Mkesha wa Krismasi ulianza na mvua. Kusini huku mvua zetu huja Desemba, na ilikuja jioni kama kokoto juu ya bati. Kijana alikuwa amewasha, spika inaimba. Mvua ikaanza, spika ikamezwa. Sauti ya mvua juu ya bati ni besi na wembamba na kila kilichopo katikati kwa pamoja, na maiki ikatii: mafungu yote 16 yakapanda juu, taa zote 300 zikawa nyeupe kabisa. Programu ina kidhibiti cha kuzuia taa zisivute umeme kuliko uwezo wa pawa saplai. Kijana alikuwa amekizima, kwa sababu kilikuwa kinapunguza uzuri. Ampea 18 zikadaiwa kwa pawa saplai ya 10. Ikajizima kujiokoa, ikapumua, ikawaka, ikadaiwa tena, ikajizima. Nyumba yetu ilipepesa macho dakika ishirini nzima kama mtu aliyeingiwa na pilipili, na majirani wakadhani tunaomba msaada. Wawili walikuja kweli, na miamvuli.

Saa mbili usiku mvua ikakata. Ardhi ikanuka ule mnuko. Kijana akapunguza mwanga, akarudisha kidhibiti, akawasha tena wimbo. Kwa mara ya kwanza kila kitu kilikuwa sawa: kwaya inaimba, besi inatembea bluu mlangoni, soprano wanapanda nyekundu hadi bandani. Mke wangu alitoka na mtandio wa kanisani. Alisimama. Akasema, "Baba, kumbe."

Nilipata kama nusu dakika hivi ya "kumbe".

Kumbikumbi wa kwanza alitua kwenye taa ya kumi. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Mvua ya kwanza kubwa huwatoa ardhini, nao hufuata mwanga, na Ruangwa nzima usiku ule hapakuwa na mwanga kama wa kwetu. Walikuja kama moshi. Watoto wakapiga kelele. Maiki ikasikia kelele, taa zikaongezeka, kumbikumbi wakaongezeka, kelele zikaongezeka. Nimefundisha mizunguko ya aina hiyo miaka yote kwa mfano wa spika na maiki inayovuma. Sasa ninao mfano bora. Majirani wakaja na mabeseni, ndoo, chandarua kimoja. Jirani yetu mstaafu alikuja na sufuria yake na kiti. Wimbo haukusikika tena, na hakuna aliyeuulizia. Mama mkwe alikuwa katikati ya ua anagawa maeneo: wewe simama mlangoni, wewe bandani, hapo ni pa mjomba.

Kisha giza. LUKU imeisha.

Macho yote yalinigeukia. Sikuyaona lakini niliyasikia. Hesabu ninayo na nitaitetea popote: pawa saplai ya volti 5 na ampea 10 haiwezi kutoa zaidi ya wati 50, na wati 50 kwa saa tano ni robo uniti. Pasi ya nguo za kanisani ilikula zaidi kabla ya saa kumi na moja. Nilianza kueleza hivyo gizani, huku kijana akibonyeza zile tarakimu 20 za LUKU kwa tochi ya simu, kumbikumbi wamehamia kwenye simu, anakosea, anaanza upya. Taa ya 37 ilikuwa imekufa tuliporudisha umeme. Kuanzia hapo hadi bandani, wote walilala njaa.

Ibadani tulifika somo la pili limeshasomwa, mke wangu ana bawa la kumbikumbi kwenye mtandio. Sikumwambia.

Krismasi tulikula pilau, kuku wawili, na kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, ndoo moja na nusu baada ya kugawana na mtaa. Waya umerudi kati ya mwembe na jiko. Taa ya 37 imebadilishwa, na zote 300 zimo ndani ya gunia la korosho juu ya dari, pamoja na pawa saplai ya ampea 30, ambayo bei yake nilimtajia mke wangu dukani, kwa sauti, mbele ya mwenye duka. Mjomba amezihitaji Nachingwea mwezi wa Saba, vijana wakitoka jandoni. Amesema wimbo hataki, ngoma zipo, na maiki tusiiguse.